Soketi Kumi na Moja

Mujuni alizihesabu mara ya pili, akigonga kila alama ya chaki kwa mpini wa nyundo, kana kwamba zingepungua akienda polepole.

"Kumi na moja," alisema. "Sebule moja. Dada Elieth, unafungua saluni?"

"Weka tu."

"Nitaweka, nyumba ni yako. Lakini juu namna hii, kifuani? Watu wanaweka usawa wa goti."

"Sitaki ziwe karibu na sakafu. Na sitaki waya upite chini, hata mmoja. Mtu akitaka kuchomeka kitu, akute soketi pale pale aliposimama."

Fundi akamtazama, akaona si mtu wa kutaniwa leo, akarudi kwenye kuta. Tofali zilikuwa bado wazi. Kesho fundi wa lipu angeanza, na lipu ikishapigwa, kubadili wazo ni kubomoa. Kwa hiyo Elieth alikuwa ameomba ruhusa shuleni Kibeta anakofundisha, akaja hapa Ijuganyondo tangu asubuhi na chaki za darasani mfukoni. Alichora alama, akafuta, akachora tena.

Nyumba ilikuwa inasimama palepale iliposimama ya kwanza, katikati ya kibanja cha marehemu baba yake, mzee Karugendo. Migomba iliyobabuka mwaka ule nyumba ilipoungua ilikuwa imechipua upya. Kilichobaki ni mama. Tangu moto, Ma Kokushubila alikuwa akiishi Muleba, kule Rubya, kwa dada yake Ephrasia, na kila alipoombwa arudi alijibu kwamba hapo alipo panamtosha. Wiki hii ndiyo kwanza alikubali kuja. Kuona tu, alisema.

Alifika saa sita, amejifunga kitenge, amebeba kikapu kitupu. Mujuni aliteremka ngazini, akainama.

"Kasinge, waitu."

Bibi akaipokea salamu yake, akazunguka vyumba vyote huku kiganja kikipapasa tofali. Elieth alimfuata nyuma kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake. Chumba cha mama kilikuwa mbele. Cha nyuma kilikuwa kidogo, na Elieth alikuwa amekichorea soketi mbili, moja ya taa ya kusomea. Alitaka ahame Kibeta, amtunze mama mpaka mwisho.

Waliporudi sebuleni, mama alisimama mbele ya kishubaka kilichoachwa ukutani.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha Bikira Maria, Mama. Na mshumaa wako."

Mama akamgeukia fundi.

"Baba, zibeni hapa. Wekeni soketi, kama bado mnazo."

Mujuni akamtazama Elieth, akachora msalaba wa chaki ndani ya kishubaka.

"Nyumba ni nzuri, mwana wange," mama alisema. "Mungu akulipe. Lakini mtu aliyeunguza ya kwanza hapewi ya pili. Mshumaa niliuwasha mimi, nikauacha unawaka, nikaenda misani. Baba yako miguu yake ilikuwa haimbebi, hakuweza kutoka. Nitabaki kwa Ephrasia. Wewe kaa humu, uolewe, uzae."

Akainama achukue kikapu.

Elieth aliona kikapu kinainuka, akajua kwamba kikitoka mlangoni hakitarudi. Miaka miwili alikuwa amejenga akidhani kuta zitasema kwa niaba yake. Kila tofali aliyoinunua kwa mshahara wake aliinunua ili asiseme.

"Si mshumaa, Mama."

Sauti ilitoka ndogo mno. Ikabidi arudie.

"Si mshumaa. Ni waya wangu. Ile Krismasi nilimletea Taata televisheni ili aione misa, na birika la umeme, ajichemshie chai sisi tukiwa kanisani. Soketi ilikuwa moja tu, pale mlangoni. Nikanunua waya wa kuunganishia, ule mwembamba. Nikaogopa wageni watajikwaa."

"Ukaupitisha wapi?"

"Chini ya nyasi."

Mama aliweka kikapu chini. Nyasi za Krismasi alikuwa amezikata mwenyewe, akazianika siku tatu, akazitandaza sakafuni nene na laini, kama zilivyotandazwa kwa majirani wote.

"Nyasi zangu," alisema.

"Nilizifunua, nikapitisha waya, nikazirudisha vizuri. Ulipita ukaniambia, umezipanga vizuri. Mama, ule waya niliushika kabla hatujatoka. Ulikuwa wa moto. Nikadhani ndivyo nyaya zilivyo."

Mujuni alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu misumari isiyohitaji kuhesabiwa.

"Wazee waliposema mshumaa, ulikuwepo," mama alisema.

"Nilikuwepo."

"Ulinishika mkono."

"Ndiyo, Mama."

"Nikawaambia watu matangani, huyu mwanangu ana huruma, analia na wala hanilaumu." Alisema polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Miaka miwili sijashika rozari. Nilisema mkono huu umeua."

Elieth alipiga magoti kwenye vumbi la saruji. Mama alimpita, akatoka. Kupitia tundu la dirisha walimwona akienda hadi kaburini kati ya migomba, akasimama muda mrefu, midomo ikicheza. Alikuwa akimweleza mumewe jambo.

Aliporudi, macho yake yalikuwa makavu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kishubaka, akashika pindo la kitenge, akaufuta ule msalaba wa chaki mpaka tofali ikabaki nyekundu.

"Hapa paachwe."

"Sawa, waitu," Mujuni alisema. "Na hizi nyingine?"

"Muulize mwenye waya."

Akachukua kikapu chake. Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Lipu ikikauka nitakuja kulala kwangu. Ufunguo uwe mmoja, wangu."

Elieth alibaki chini, akisikiliza hatua zikipotea kwenye majani makavu. Jambo aliloliomba kwa Mungu miaka miwili alikuwa amelipata. Mama anarudi nyumbani.

Mujuni akauliza kwa sauti isiyo na utani, "Chumba cha nyuma nacho, dada? Zile mbili?"

"Huko weka taa tu."

"Na sebuleni?"

Alizitazama alama zake, moja baada ya nyingine, ukuta kwa ukuta.

"Kumi na moja," alisema. "Usipunguze."

Fundi akachukua patasi. Pigo la kwanza likaangusha vumbi jekundu sakafuni, pale nyasi zitakapotandazwa.