Siku Punda Aliponinunua

Usiku wa jana niliota nimefungwa kamba katika mnada wa Gidamari, ndani ya zizi la wasiotakiwa, na jambo la kwanza lililonikera ni kwamba kamba yenyewe ilikuwa yangu, ile ya kuanikia nguo.

Zizi hilo nalifahamu vizuri. Mume wangu, Akonaay, huenda pale kila siku ya mnada jua likianza kuinama, wakati ng'ombe na mbuzi wameshapata wenyewe na wamebaki punda wenye vidonda vya mgongo, vipofu, na wale ambao nguvu za miguu zimewaisha. Wachuuzi wa ngozi huwasubiri nyuma ya uzio. Akonaay na wenzake wa kikundi huwawahi, wakawaleta kwetu, wakawatibu, kisha wakawatafutia watu wema wa kuwatunza. Ni kazi njema. Hata paroko ameisifu kanisani. Mimi nimeichukia tangu alipokuja Kijivu.

Kijivu ni punda jike mwenye masikio marefu kuliko adabu yake. Alifika pamoja na mwenzake, dume mzee tuliyempa jina la Katekista kwa sababu hulia kengele ya misa ikigongwa. Kila jioni Akonaay humpaka Kijivu mafuta masikioni huku akimnong'oneza. Mimi je, nanong'onezwa nini? "Mama Fabi, chumvi iko wapi?" Basi, imetoka hiyo. Halafu juzi, nikiwa nachota pumba nyuma ya ukuta, nikamsikia anasema kwa sauti laini, "Kiberiti wangu, kunywa maji."

Kiberiti ni mimi. Ndilo jina alilonipa enzi za uchumba, kwa sababu ya ufupi wangu na jinsi nilivyokuwa nikiwaka upesi. Sijaitwa hivyo tangu Fabi alipoanza kutambaa. Nilidhani jina limekufa kifo chake cha kawaida, kumbe limehamia zizini.

Roho ikaniuma hadi nikakosa hamu ya chakula. Nikafanya nilichofanya. Kikundi kina sheria ambayo hata watoto wa jirani wanaijua: punda waliozoeana hawatenganishwi, maana anayebaki hugoma kula mpaka afe. Nikaivunja. Nilimwambia Bwana Tarmo wa ng'ambo ya mto aje asubuhi, Akonaay akiwa ameenda bwawani, amchukue Kijivu peke yake. Nikalala nimeridhika, na ndipo nikajikuta mnadani.

Kipaza sauti kinaning'inia hewani, wala hakuna anayekishika.

"Wa mwisho leo," kinasema. "Mwanamke. Anakula, anakunywa, ana wivu. Nani anamtaka?"

"Wivu wake ni wa nje au wa ndani?" anauliza mnunuzi mmoja.

"Wa ndani, lakini unaonekana."

Wanunuzi wote ni punda. Wamevaa makoti ya mvua ingawa jua linawaka. Mmoja ananifunua mdomo, anatazama meno, anatikisa kichwa na kwenda zake. Kando yangu limefungwa kabati langu la vyombo, ambalo kwa kumbukumbu zangu nililiacha nyumbani.

"Simama wima," kabati likaniambia. "Ukionekana mnyonge hawakukaribii. Mimi niko hapa tangu mnada uliopita."

Kisha naye akaingia Akonaay, mkononi ana kopo lake la mafuta. Nikasimama wima. Anapita taratibu, anamgusa huyu shingo, anampapasa yule mgongo, uso wake umejaa huruma ambayo mimi mara ya mwisho kuiona nilikuwa na malaria. Akafika kwangu. Akaniinua mguu, akaukagua unyayo, akautua chini.

"Baba Fabi, ni mimi," nikasema.

"Najua, mama Fabi. Chumvi iko wapi?"

"Ninunue twende nyumbani, nitakuonyesha."

Akajipapasa mifukoni. Kipaza sauti kikamkumbusha kwamba katika mnada huu watu hulipa kwa maneno mazuri tu. Akonaay akatoa alichokuwa nacho, akakitandaza kiganjani. Lilikuwepo neno "chumvi", likawepo na neno "wapi".

"Hayatoshi," akasema kwa masikitiko. "Mengine yote nimeshayatumia."

"Kwa nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Akatazama pembeni. Wivu ukanipanda kichwani mpaka kamba ya nguo ikaanza kutoa moshi.

Hapo mnada ukawa jikoni kwangu. Haukuhama, ulikuwa jikoni kwangu tu. Juu ya kigoda ameketi mkaguzi wa makazi wa kikundi, naye ni ile tupa ambayo Akonaay husugulia kwato. Amevaa miwani.

"Kabla ya kumhamisha yeyote, sheria inataka awe na kivuli," ikasema tupa. "Lete kivuli."

Nikasogea dirishani, kivuli changu kikalala sakafuni. Tupa ikakipima kwa futi kamba, ikafunua upindo wake na kutazama chini yake.

"Kina kiraka hapa."

"Kilichanika kwenye seng'enge."

"Nani alikishona?"

"Nilikishona mwenyewe. Mume wangu alikuwa anamsugua punda."

"Inaonekana kwenye mishono," ikasema tupa. "Uzi umevutwa kwa hasira. Haya, sheria inataka pia maji safi muda wote."

Mlango ukafunguliwa, mto ukaingia. Ukavua viatu, ukaniamkia, ukapita chini ya meza na kutokea upande wa stoo. Tupa ikaridhika.

"Sasa la mwisho. Waliozoeana hawatenganishwi. Wewe mwenzako ni nani?"

Nikamwonyesha Akonaay, aliyekuwa amesimama katikati ya mto akiangalia kama chumvi imo ndani yake.

"Haiwezekani," ikasema tupa. "Huyu ni mwenzake Kijivu."

"Nani kawaambia uongo huo?"

"Wewe. Umesema kisimani, umesema mashineni, umesema kwenye jumuiya hata kabla sala haijaisha. Sisi tunafuata maneno ya mwenye nyumba."

Ni kweli nilisema, tena jumuiya nzima ilicheka.

"Asiye na mwenzake huenda nyuma ya uzio," ikasema tupa, ikavua miwani.

Nikatazama nyuma ya uzio, ambao sasa ulipita kati ya jiko na sufuria. Wachuuzi wa ngozi hawakuwepo. Walikuwepo akina Bwana Tarmo, wengi, wote wamevaa kofia ileile, na kila mmoja ameshika kamba moja.

"Mama Fabi," wakasema kwa pamoja, kwa heshima kabisa. "Tumekuja kama tulivyokubaliana."

Kwa kweli niliogopa. Nilimtazama Akonaay aseme lolote, hata la uongo, lakini alikuwa amefumbua mdomo mtupu.

"Mimi namtaka," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Kijivu. Amejitanda shuka jekundu la mume wangu, lile ninalolifua mimi.

Mnadani kwetu wazee wanaopatana bei hawatamki kitu mbele za watu. Huingiza mikono chini ya shuka, wakabanana vidole mpaka wakubaliane. Kijivu akaingiza kwato yake chini ya shuka, tupa nayo ikaingia. Nikaambiwa nami niingize mkono, maana anayeuzwa ana haki ya kujua anauzwaje. Nikaigusa ile kwato. Ilikuwa laini, imepigwa tupa vizuri, imepakwa mafuta. Miguu yangu mimi ina magaga. Nikatamani kuifinya.

"Unaninunua ili iweje?" nikamuuliza. "Ukanifuge?"

"Nipate kulala," akajibu Kijivu. "Kwa mwenyewe wa kwanza nilibeba magunia ya mahindi, nikikaa chini napigwa. Nikasema nimeokolewa, sasa nitapumzika. Kumbe kwa mumeo nabeba wewe."

"Unanibeba mimi wapi?"

"Masikioni. Kila jioni jina lako, Veneranda, Veneranda. Nimekukosea nini, dada yangu? Yatoe, ukae nayo mwenyewe."

Akainamisha kichwa, sikio moja likamwagika mezani kama pishi la maharage. Maneno yote yalikuwa ya Akonaay, na kila moja lilitua likiwa na sauti yake.

Veneranda goti linamsumbua akipanda kutoka kisimani, kidonda chako kikipona utamsaidia maji. Veneranda akicheka hufumba jicho moja, umewahi kuona? Veneranda amevaa gauni lile la bluu leo, nikashindwa kusema kitu, nikamuuliza chumvi. Nikimwita Kiberiti sasa hivi ataniuliza nimevunja nini, kwa hiyo acha nijizoeze kwako kwanza.

Mto wenyewe ulisimama kusikiliza. Mtu mwingine angefurahi, lakini mimi wivu ulizidi maradufu.

"Yaani haya yote umeyasikia wewe," nikamwambia Kijivu.

"Yote."

"Kwa masikio hayo."

"Ndiyo niliyo nayo."

Tupa ikahesabu, ikasema limebaki neno moja ili bei itimie. Kijivu akasema lipo, ila limenasa ndani ya sikio la pili, ningemsaidia kulitoa. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikalipata chini kabisa, lina joto kama yai lililotoka kutagwa. Nililijua kabla sijalitoa.

"Liweke mezani," kikasema kipaza sauti.

"Siliweki. Hili ni langu tangu zamani." Nikafumba ngumi.

"Basi bei haijatimia," ikasema tupa, "na mnunuzi ameishiwa. Aliyeishiwa huenda nyuma ya uzio."

Akina Tarmo wakaruka uzio wote kwa pamoja. Kamba zao zote zikaingia shingo moja, ya Kijivu. Hakupiga teke, hakuvuta. Alinitazama tu, masikio matupu yamelala huku na huku, akaanza kufuata. Mimi nimefunguliwa. Nimesimama jikoni kwangu, niko huru, jina langu liko mkononi, mume wangu yuko pembeni yangu. Ndicho hasa nilichokuwa nakitaka.

Chini ya meza nikamwona Katekista. Amelala ubavu, pua imezama kwenye pumba, wala hali. Ule upande wa sakafu ambao Kijivu hulalia ulikuwa wazi, na yeye ameuacha hivyo hivyo, hajausogelea.

"Ana mwenzake!" nikapiga kelele. "Mwachieni, ana mwenzake!"

"Nani kasema?" wakauliza akina Tarmo.

"Nimesema mimi! Tunafuata maneno ya mwenye nyumba, si ndiyo? Basi nimesema!"

Katekista akainua kichwa akalia, na kilio chake kikatoboa paa.

Nikaamka. Kengele ya misa ilikuwa inagongwa, na Katekista anaijibu kutoka zizini kama kawaida yake. Upande wa Akonaay kitandani ulikuwa mtupu. Nikajifunga khanga nikatoka mbio hata bila viatu.

Bwana Tarmo alikuwa langoni, mmoja tu, kofia ileile, kamba moja mkononi.

"Shikamoo mama Fabi. Nimekuja kama tulivyokubaliana."

"Marahaba. Tulikubaliana vibaya, kosa ni langu," nikamwambia. "Hawa ni wawili, hawaachani. Nenda salama, na siku ukitaka wawili uje uzungumze na mwenyewe."

Akakuna kichwa, akakunja kamba yake, akaondoka akigeuka nyuma mara kwa mara.

Akonaay hakuwa ameenda bwawani. Alikuwa amesimama mbele ya Kijivu, kopo la mafuta mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

"Mama Fabi," akasema, "leo kuna jambo la ajabu. Huyu punda kuna jina namwita kila siku. Nimesimama hapa tangu alfajiri, limenitoka kabisa, hata linavyoanza silikumbuki."

Nikamtazama Kijivu. Ndani ya sikio lake la pili palikuwa na sehemu ndogo iliyonyonyoka. Kijivu naye akanitazama, akajilaza taratibu kando ya Katekista, akafumba macho.

Ndipo nikagundua kwamba tangu niamke sijafumbua mkono wangu wa kulia. Nikaufumbua kidogo, kwa siri. Kiganjani palikuwa na nywele za kijivu, fupi, zinanukia mafuta.

Nikaufumba tena.

"Njoo jikoni," nikamwambia mume wangu. "Nitakukumbusha."