Shata ya Chooni

Abdulwakil alikuwa na Kichina cha maneno mawili, na kwa maneno hayo mawili alijiona profesa. La kwanza laoban, yaani bosi. La pili tai gui, yaani ghali mno. Sanyuanli nzima, mtaa wa masoko ya mabegi kule Guangzhou, ilimjua kwa hayo. Wafanyabiashara wageni kutoka Dar na Unguja wakishuka tu ndege huletwa kwake awashushie bei, na kweli bei hushuka. Mabegi yakifika sokoni Darajani, Unguja, mikanda inakatika mteja hajatoka mlangoni. Hilo yeye halisemi.

Mkewe, Swalha, alikwisha kumchoka na ubingwa wake huo, lakini safari hii halikuwa suala la mabegi. Mwaka jana tufani ilivunja dirisha la chumbani, kioo kikamwagika juu ya kitanda cha binti yao Ilham, mto mzima vipande vitupu. Mungu tu alijaalia mtoto alikuwa sebuleni, amepakatwa. Siku ile Swalha alisema mara moja, bila kelele: kioo kikimwagika tena kwenye kitanda cha mwanangu, mimi na yeye tunarudi Unguja, wewe baki na malaoban wako.

Kwa hiyo msimu wa tufani ulipokaribia wakaenda soko la vifaa vya ujenzi kutafuta shata, yale mabati ya kukunja yanayoteremshwa mbele ya dirisha. Swalha alikuwa ameuliza watu wenye akili zao na alijua anachokitaka: bati nene, reli za pembeni zilizofungwa ukutani kwa boliti ndefu, na mpini wa kuzungusha kwa mkono, maana upepo ukija umeme huwa wa kwanza kukimbia. Mwenye duka, mama mmoja mkavu wa maneno, akawaonyesha hiyo hiyo. Alikuwa ameifunga moja ndogo kwenye fremu iwe sampuli; akaipiga nyundo mbele yao, bati halikushtuka. Swalha akasema ndiyo hii. Jambo lingekwisha hapo, watu wakanywe chai.

Thubutu. Abdulwakil aondoke dukani kwa bei ya kwanza, watu watamwonaje? Akavuta kiti, akakunja nne, akasema tai gui. Yule mama hakubishana. Akabonyeza kikokotoo chake, akamwonyesha bei ndogo zaidi, akaingia stoo na kutoka na shata nyingine. Tai gui. Kikokotoo tena, stoo tena. Kila bei iliposhuka bati nalo lilipungua na boliti zikafupika, lakini bwana mkubwa macho yote kwenye kikokotoo, anachekelea peke yake. Swalha akaibonyeza ile ya mwisho kwa kidole gumba, ikabonyea kama kopo la maziwa. Akamwambia mumewe aiguse na yeye. Akajibiwa kwamba biashara ina wenyewe, yeye amshike mtoto.

Na bado hakutosheka. Mtu huyu hatoki dukani bila nyongeza; hata akinunua sindano atataka na uzi. Akainyooshea kidole ile sampuli ya kwenye fremu, eti aongezewe na hiyo. Yule mama akaifungua, akampa. Katika nyumba yao nzima dirisha lililoitosha lilikuwa moja tu, la chooni. Fundi akaifunga huko, na zile za bei ya kutupa akazifunga chumbani na sebuleni. Abdulwakil akaita marafiki waje waone. Wakala biriani, wakamsifu. Biriani hiyo Swalha aliipika amenuna, na alikuwa na haki yake.

Tufani ilikuja mchana. Simu zote zilikuwa zimelia onyo tangu asubuhi, maduka yakafungwa. Abdulwakil akateremsha shata zake kwa madaha, akajilaza kwenye kochi. Upepo ulipopanda, shata ya chumbani ikaanza kugonga, ikapinda, reli ikang'oka na plasta yake, na bati zima likaondoka kuelekea barabarani. Kioo hakikungoja kuambiwa. Kikamwagika pale pale pa mwaka jana. Swalha alikwisha kumbeba mtoto kifuani, na miguu yenyewe ikampeleka chooni. Mumewe akafuata mbio bila viatu, sebule ikivunjika nyuma yake.

Wakakaa humo watatu. Swalha amejibanza kwenye mashine ya kufulia, Ilham yuko mapajani, na bingwa wa Sanyuanli yuko juu ya ndoo iliyofudikizwa, magoti yamegusa kidevu. Huko nje kila kitu kinang'oka. Shata ya chooni imetulia tuli. Abdulwakil akaitazama, akaigonga kwa kidole, na uso ukaanza kumrudi.

"Unaona?" akasema. "Hii ndiyo bidhaa. Mimi najua kuchagua."

Swalha alimwangalia mwanamume huyu aliyemzalia mtoto. Hasira ilikuwa imempanda mpaka ikatulia.

"Hii hukuichagua, Baba Ilham. Hii ulipewa. Ulizozichagua ziko barabarani."

Akamfunika mtoto vizuri kwa mtandio wake, kisha akaendelea kwa sauti ile ile.

"Kesho ama nakwenda dukani peke yangu nikanunue nilichokitaka, ama nakwenda uwanja wa ndege na mwanangu. Haya, chagua. Si unajua kuchagua?"

Abdulwakil akamtazama Ilham, akatazama ile shata.

"Nenda dukani," akasema, na bei hakuuliza.