Mkanda wa Mgongo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Fundi alikuwa amevaa soksi moja. Ya pili ilikuwa mkononi, mkono ulikuwa juu ya goti, na mkewe alikuwa ameshachemsha chai, amewaamsha watoto, amewaogesha na kuwatoa nje, bila soksi ile kusogea.

"Baba watoto, utachelewa."

"Navaa."

Hakuvaa. Mkewe alipiga magoti akamvalisha, kama alivyomvalisha kitindamimba muda mfupi uliopita, bila kumtazama usoni, asimwaibishe. Mwaka jana tu mtu huyu alikuwa akiwavunja mbavu kiwanda kizima. Alikata sponji za magodoro kwa mashine ya wembe mrefu, na mwenzake wa upande wa pili wa mashine, aliyeitwa Kelele, alisema kazi yenyewe ilikuwa kisingizio tu cha kusikiliza vituko vya Fundi. Sasa alikuwa akirudi nyumbani anageukia ukuta, halali. Mtu anayetengeneza magodoro!

Kelele ndiye aliyekuja kusema, jana yake jioni. Alisimama mlangoni, safari hii kwa sauti ya chini.

"Shemeji, leo ameusogeza mkono kwenye wembe. Nimemvuta. Namuuliza, vipi ndugu yangu? Ananiambia, sikuona. Shemeji, alikuwa anautazama."

Ndiyo maana asubuhi hiyo walikwenda wote wawili mpaka zahanati ya kiwanda, chumba kimoja chenye kitanda, mizani na nesi. Bila karatasi ya nesi huyo hakuna aliyepewa hata siku moja ya ruhusa.

Nesi alimuuliza Fundi kama anakula. Alisema anakula. Kama analala. Alisema analala.

"Sasa unajisikiaje?"

"Nimechoka tu, sista." Alisema kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa kumpotezea mwenzake muda.

Nesi alimwomba asubiri kwenye benchi, akafunga mlango, akamsikiliza mke: soksi, ukuta, wembe.

"Mama, hii ni sonona. Mtu anazimika ndani huku anatembea. Ni ugonjwa, si uvivu, na unatibika. Hospitali kubwa wana kliniki yake, Jumanne asubuhi."

Mke alitaka kumkumbatia. Miezi mitano alikuwa akijiuliza amekosea wapi, na mama mkwe wake alikuwa na majibu mengi.

"Basi niandikie, dada yangu."

Nesi akamwonyesha karatasi. Ilikuwa na visanduku sita: homa, tumbo, jeraha, macho, kifua, mgongo. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa maelezo.

"Nikiandika hapa chini kwamba ni mambo ya akili, hawampeleki hospitali. Watasema ni hatari kwenye mashine, na mkataba unaisha siku hiyohiyo. Nimewahi kuandika. Yule baba wa ushonaji…"

Mke aliviangalia visanduku vile. "Weka mgongo," akasema. "Huku nani haumwi mgongo? Akipata ruhusa, mimi nitampeleka Jumanne."

Nesi alisita, kisha akatia alama.

Kiwanda kilikuwa na utaratibu wake wa mgongo, na kilijivunia sana. Siku tatu za kupumzika, zilizoishia Jumatatu. Mkanda mpana mweusi wa kukaza kiunoni. Halafu kazi nyepesi, na kazi nyepesi ilikuwa kuchambua mabaki ya sponji stoo, peke yake, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Kelele alipewa mwenza mwingine.

Jumanne mke alimfuata msimamizi ofisini.

"Bosi, namwombea asubuhi moja tu. Hospitali."

"Kwa tatizo gani?"

"Lile… lile la mgongo."

Msimamizi akafungua jalada. "Mgongo una mkanda, mama. Mkanda ameshapewa." Hakuwa mkali. Macho yake yalikuwa mekundu. "Au kuna kitu kingine nikiandike?"

"Hakuna, bosi."

"Basi. Mwanaume ni kujikaza. Mimi nimemzika mke wangu mwezi wa tatu, kesho yake nilikuwa getini kabla ya king'ora." Alilifunga jalada taratibu, akabaki akilitazama hata mke alipoaga.

Jumanne ya pili ikapita, na ya tatu. Mwezi uliofuata picha ya Fundi ilibandikwa getini, amesimama wima, mkanda kiunoni, na juu yake maandishi: USALAMA KWANZA. Kelele alisimulia kuwa mpiga picha alimwomba atabasamu mara nne, mwisho akasema basi, uso wa kazi unatosha.

"Nikipita stoo nagonga mlango, shemeji. Namtupia kituko cha zamani, chake mwenyewe. Hacheki. Siku hizi hata kugonga nimekatazwa."

Jumanne nyingine, saa kumi na mbili na nusu, Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono juu, kama mtu anayepekuliwa. Mkewe alimzungushia mkanda, akaufunga tundu la tatu.

"Kaza," Fundi akasema.

Akaufunga la nne. "Unakuumiza?"

"Kaza tena. Siusikii."

Akavuta mpaka tundu la mwisho. King'ora cha kiwanda kikalia, na mikono ya mumewe ilikuwa bado juu.