Makobazi ya Salehe

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya uzio. Mimi nilikaa eda yangu na mbwa. Salehe alimleta baada ya wezi kutuvunjia mara mbili, akamwita Askari. Wiki tatu baadaye Salehe akaanguka dukani kwake pale mjini, akafa kabla hatujamfikisha hospitali. Nikabaki na mama yake, Bi Maimuna, na huyo Askari wa miezi minne ambaye wezi wangekuja angewamulikia tochi.

Alitafuna makobazi ya Salehe. Alitafuna mpira wa maji na mto wa kiti cha barazani. Alifukua mchicha wote, akachimba mashimo getini mpaka Bi Maimuna akateguka mguu. Nilipaka mpira pilipili. Akalamba, akapiga chafya, akaendelea. Nilimfunga kamba, akaikata. Nilimpiga pia, sitaficha, halafu nikalia kuliko yeye. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Shemeji yangu Abeid akakata shauri. "Shemeji, Ijumaa nikitoka msikitini nakuja na gunia. Kuna watu Mikese ngedere wanawamalizia mahindi, wanataka mbwa."

Nilimchoka mbwa yule, lakini hapakuwa na kingine chenye pumzi ambacho Salehe alikiingiza nyumbani kwa mikono yake. Angeenda Mikese, nisingeweza hata kumfuata.

Ijumaa asubuhi nikafua nguo za marehemu, maana Bi Maimuna alitaka zigawiwe siku ile. Nilianika, na zetu nikaanika kamba hiyohiyo. Nilipotoka jikoni, kanzu ya Salehe ya sikukuu ya Idi ilikuwa chini, imechanwa mkono mzima. Bi Maimuna alikaa kwenye ngazi akilia bila sauti.

"Mwanangu, aende tu," alisema. "Hata cha kumpa maskini hatuachii."

Nikachukua ufagio nimcharaze. Ndipo nikaona dera langu. Lilining'inia karibu kugusa ardhi, na kanga za Bi Maimuna pembeni yake, hazina hata alama ya jino. Kanzu ilikuwa juu kabisa. Ilibidi aruke.

Nikausimamisha ufagio nikaanza kuhesabu. Makobazi, yake. Mpira, aliokuwa akioshea pikipiki kila jioni. Kiti cha barazani, chake. Mchicha aliupanda yeye. Siku zote zile, ndala zangu zilikaa mlangoni na hakuna aliyezigusa.

Pikipiki ikanguruma barabarani. Ilikuwa ya Salehe, sasa anaiendesha Abeid. Askari akatoka mbio, akaanza kuchimba chini ya geti kwa miguu yote miwili ya mbele, mkia unamtikisa mwili mzima. Abeid akafungua, gunia begani. Mbwa akanusa viatu vyake, cha kushoto, cha kulia. Mkia ukashuka. Akarudi akalala ndani ya shimo lake, macho getini.

Mimi nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila Abeid alipokuja, nami nikimwita mharibifu.

Niliingia chumbani. Chini ya mto wangu kulikuwa na shati moja ambalo sikulitoa lifuliwe, la kazini, lenye jasho na mafuta ya pikipiki. Nilimdanganya mkwe wangu kwamba limepotea. Nililileta, nikainama, nikaliweka shimoni. Askari akazamisha pua kwenye kwapa la shati, akavuta pumzi ndefu, akatulia. Hakung'ata hata kifungo.

"Hidaya," Bi Maimuna akasema taratibu, "mate ya mbwa hayo. Hutaliweka tena kitandani."

"Najua, mama."

"Ulikuwa unalala nalo?"

"Kila siku."

Akaacha kulia. Akajikokota na mguu wake mbovu mpaka pale, akasimama nyuma yangu.

Abeid alikuwa bado amesimama getini, hajui aingie au atoke. "Sasa shemeji, wale wa Mikese niwaambieje?"

"Gunia lilete hapa," nikamwambia. "Udongo huu una baridi, nimtandikie."

Akanipa. Nikatandika, shati likabaki juu. Halafu nikaketi chini ukingoni mwa shimo, upande ambao upepo wa mlimani ungenifikishia na mimi harufu ya shati kidogo.