Dawa ya Kiume Kwenye Ndoo ya Unga

Kilichomtia Anord wasiwasi ni furaha ya mkewe. Mwanaume mwingine angemshukuru Mungu, lakini Anord na shukrani hawakuwahi kuelewana. Tangu Benedicta afanyiwe upasuaji mkubwa, akatolewa kizazi na vifuko vya mayai, mambo ya chumbani yalikuwa yamekufa. Walilala kama abiria wa siti moja. Anord alinuna, akalalamika, mwishowe akazoea. Sasa mama wa watu anaimba jikoni, anasuka nywele, na usiku anamsogelea mume wake mwenyewe. Anord badala ya kufurahi akaanza kujiuliza: huyu kajifunzia wapi?

Jibu halikumsumbua, alikuwa nalo tayari. Kila baada ya miezi michache Benedicta alikuwa anapanda basi kwenda Mbeya, eti kumsalimia dada yake Anjela. Miaka yote huyo Anjela alisalimiwa kwa simu na ikatosha. Halafu kuna hili la bafuni. Asubuhi Benedicta anajifungia, akitoka anamwambia mumewe asimguse paja kwanza, asubiri likauke. Likauke nini? Aliambiwa ni losheni ya ngozi, na Anord akaitikia kwa mdomo tu.

Anord alikuwa na duka la spea za malori pale Ipogolo, chini barabarani kabla hujapanda mlima kuingia Iringa mjini. Anayeijua Ipogolo anawajua madereva wake. Hawa watu hawabebi mizigo peke yake. Wanabeba salamu, wanabeba magunia ya viazi ya mashemeji, na wanabeba maisha ya watu. Ukikohoa Ipogolo, wa Tunduma wanakupigia simu kukupa pole. Na Anord, kwa akili zake timamu, akamwita dereva Ambrosi akamwomba amwangalizie Benedicta, shemeji yake Ambrosi, huko Mbeya, tena kimyakimya. Ambrosi na ukimya, jamani!

Ambrosi alirudi na habari. Shemeji hakwenda kwa dada. Aliingia kwenye jengo moja la ghorofa, akakaa humo hadi Ambrosi akachoka kusubiri, akatoka na kimfuko mkononi, anatabasamu peke yake.

Benedicta alipokwenda kwenye jumuiya kusali, Anord alipekua nyumba nzima, na kimfuko akakikuta jikoni, kimefukiwa kwenye ndoo ya unga wa ulezi. Ndani yake kulikuwa na boksi la dawa ya kupaka. Kiingereza cha Anord kilikuwa cha beringi na gaskiti, lakini kilitosha kumwelewesha kwamba hii ni dawa ya wanaume, wale ambao homoni za kiume zimewapungukia mwilini. Akakaa kwenye kigoda.

Kwa hiyo kuna mwanaume Mbeya, tena hajiwezi, na mke wake ndiye anamuuguza. Angejiuliza dawa ya mtu wa Mbeya inatafuta nini kwenye unga wa Iringa, angepona mapema. Lakini wivu ulikuwa umeshamkaba. Kabla ya jioni alikuwa amemmwagia Ambrosi yote, kisha akampigia simu mzee Clement.

Mzee Clement ndiye aliyekuwa mshenga wao. Barua ya posa ilipita mkononi mwake, mahari aliipeleka yeye, na kwa desturi ya kwao neno zito la ndoa linarudi kwake. Ukishamwita mshenga huwezi kusema ulikuwa unatania. Jumapili baada ya misa alifika, akavua kofia, akakaa. Anord akaliweka boksi mezani na kueleza yote. Mzee akamuuliza Benedicta dawa hiyo ni ya nani.

“Ni yangu, mzee,” Benedicta alisema.

Anord akacheka kwa dharau. Mkewe hakumtazama. Alimweleza mzee, macho chini, kwamba hata mwili wa mwanamke unatengeneza homoni hiyo, kidogo tu, na sehemu yake ilitoka kwenye vile vifuko alivyokatwa. Daktari wa Mbeya alianza na matibabu mengine, hayakurudisha hamu. Ndipo akamwambia ajaribu hii. Iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake hakuweza kuipata, kwa hiyo anatumia ya wanaume, tone dogo alilopimiwa, anapaka pajani na kuacha likauke lisimguse mtu mwingine. Mbeya anakwenda kupimwa damu, isije ikazidi akaota ndevu au sauti ikawa nzito. Aliificha kwa aibu. Aliogopa watu watasema anageuka mwanaume.

Kisha akamgeukia mumewe.

“Nilikuwa nakuona unavyonigeuzia mgongo,” alisema. “Mbeya nilikwenda kukutafuta wewe, Baba Eveline.”

Mzee Clement akachukua kofia yake. Alisema kesi haipo, akaondoka hata chai hakungoja. Anord alitamani sakafu impokee. Aliomba msamaha mpaka maneno yakamwishia, na Benedicta akamsikiliza, kisha akamwambia lililokuwa limebaki.

“Sokoni wananiuliza hali ya mgonjwa wangu wa Mbeya. Niwajibu nini?”

Hapo ndipo Anord alipoelewa ukubwa wa alichokifanya. Akinyamaza, mkewe anabaki malaya wa barabara nzima, toka Ipogolo mpaka mpakani. Akisema ukweli, mwili wa mkewe unakuwa hadithi ya madereva, nao wangeusimulia kila walipoegesha lori. Hakulala.

Asubuhi madereva walikuwa dukani kama kawaida, wanakunywa chai na kusubiri spea. Ambrosi hakuweza kujizuia. Akauliza kwa sauti ya kuchokoza kama yule mgonjwa wa Mbeya amepata nafuu. Wenzake wakacheka vikombe mkononi. Anord akaweka chini beringi aliyokuwa anaifuta.

“Mgonjwa ni mimi,” alisema.

Anord, jasho likimtoka, akawaambia kwamba dawa ni yake, nguvu zimemwishia yeye, na mkewe anamfuatia dawa Mbeya kwa sababu yeye anaona haya kwenda. Akasema atakayemtaja vibaya mama yule asikanyage tena pale. Ambrosi aliangalia viatu vyake. Mmoja alijifanya anakohoa. Kisha malori yakaondoka, na Anord alijua yamebeba nini.

Kabla ya saa sita alipigiwa simu kutoka Nyololo akipewa pole. Mwingine wa Chunya akamwahidi mizizi ya kuchemsha.

Alipofika nyumbani Benedicta alikuwa ameshasikia, maana soko halichelewi. Alimwekea maji ya kunawa, akamletea ugali, kisha badala ya kukaa kwenye kiti chake akaja kukaa kwenye benchi, ubavuni kwake. Anord alisogea pembeni kidogo kama alivyozoeshwa, akauliza kwa sauti ya chini kama limekauka.

“Limekauka tangu asubuhi,” Benedicta alisema, akamvuta mkono.