Ukurasa wa 214

Saa tatu na dakika nane asubuhi mwenyekiti wa jopo aliifungua tasnifu yangu katikati. Kurasa za mwanzo hakuzigusa.

"Mchungaji, sura ya nne," alisema. "Unaiondoa mwenyewe au tuiondoe sisi?"

"Haiondoki, Profesa."

Wanafunzi humwita mwenyekiti huyu Tanbihi, kwa sababu husoma maelezo ya chini ya ukurasa kabla ya ukurasa wenyewe. Kazi yangu aliirudisha mara nne kwa ajili ya nukta na mikato. Kulia kwake alikaa mtahini wa nje, mama mwenye miwani aliyetoka chuo kingine. Kushoto, msimamizi wangu, macho kwenye chupa yake ya maji. Mama yangu alikuwa kiti cha mwisho nyuma, mkoba mapajani.

Miaka sita ya uzamivu wa theolojia ilikuwa juu ya meza ile. Swali langu lilikuwa moja: kwa nini kanisa letu halimziki kwa ibada mtu aliyejiua? Mwongozo wa wachungaji unakataza, na unataja ushahidi mmoja tu: Kumbukumbu za Sinodi, juzuu ya pili, ukurasa wa 214. Katika sura ya nne nimehesabu kazi kumi na tisa zinazoutaja ukurasa huo. Ya kwanza ni tasnifu ya Tanbihi mwenyewe, ya miaka thelathini na mmoja iliyopita. Nyingine zote, na mwongozo pia, zilinakili kwake. Juzuu ya pili inaishia ukurasa wa 198.

Kaka yangu mkubwa alizikwa chini ya kanuni hiyo. Mchungaji wetu wa wakati huo alisimama nje ya lango la makaburi, kitabu cha ibada kimefungwa, hadi udongo ulipokwisha kurudishwa.

"Huenda ulisoma toleo jingine," alisema Tanbihi.

"Toleo ni moja. Niliandikia maktaba tatu. Majibu yao yako kwenye kiambatisho cha pili."

"Kitabu chenyewe kiko wapi?" aliuliza mtahini wa nje.

"Hapa chini, maktaba, kabati la tisa."

Mkutubi aliitwa. Alikileta akikifuta vumbi kwa mkono wa shati, akakiweka mezani. Mtahini wa nje alifungua ukurasa wa mwisho, akamgeuzia mwenyekiti. 198. Kisha akachomoa kadi ya kuazima iliyokuwa ndani ya jalada.

"Kuna jina moja tu."

"La mchungaji huyu," alisema mkutubi. "Tangu niajiriwe hakijatoka kwa mwingine. Na mimi nakaribia kustaafu."

Nyuma, mama alikohoa. Haumwi kifua.

"Rejeo hilo nilipewa na mwalimu wangu," alisema Tanbihi taratibu. "Aliniambia ni ukurasa wa 214. Wewe ungemuuliza mwalimu wako kama ana hakika?"

"Ningekifungua kitabu, Profesa. Ndivyo ulivyonifundisha."

Tulitolewa nje ili wajadili. Kwenye korido kulikuwa na benchi moja na ubao wa matangazo usio na tangazo.

"Wameshindwa?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Nyani haoni..."

"Mama! Hiki ni chuo cha kanisa."

"Ndiyo maana nimeishia hapo."

Msimamizi wangu alitoka, akafunga mlango nyuma yake. "Dada yangu, iondoe tu. Chukua shahada, hiyo sura utaichapisha baadaye. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu miaka sita, Mwalimu. Midomo imechoka."

Alirudi ndani. Kura zilikuwa mbili kwa moja, na yake ilikuwa miongoni mwa zile mbili. Fomu ilisema nimefaulu kwa sharti: sura ya nne iondolewe ndani ya siku tisini, isipoondolewa, shahada haitatolewa. Mtahini wa nje aliandika pembeni kwamba hakubaliani, akapigia mstari.

Siku ya themanini na tisa, saa nne asubuhi, niliweka nakala tatu mbele ya karani wa taaluma. Aliisoma fomu, akafunua ukurasa wa yaliyomo, akairudia fomu.

"Hapa wamesema sura ya nne iondolewe."

"Wamesema."

"Mbona imo?"

"Imo. Na imeongezeka kurasa mbili: picha ya ukurasa wa 198, na picha ya kadi."

"Mchungaji, watakunyima hawa."

"Waninyime kwa maandishi. Na wataje ukurasa."

Karani alicheka kwa pua, akavuta pedi ya wino, akagonga muhuri wa kupokelewa. Mara tatu, nakala kwa nakala.

Kutoka hapo nilimpitia mama, tukaenda makaburini. Nilikuwa nimevaa kola yangu ya uchungaji. Lango lilikuwa wazi. Nilisimama kichwani mwa kaburi la kaka, nikafungua kitabu, nikaisoma ibada ya maziko yote bila kuruka mstari. Saa sita kasorobo mama alisema amina.