Kupisha Lori Njia ya Torongo

…na mara mbili, alisema mara mbili, Kipkemoi alikuwa angali akiyasikia maneno hayo ya Ephantus wakati Chepngeno alipopunguza mwendo, akaitoa pikipiki pembeni mwa barabara ya maramu hadi ukingoni mwa mtaro, akaweka mguu chini na kusema bila kugeuka, "Kuna lori inashuka, Baba Zeddy, wacha tuipishe," lori, huku juu ya Ravine, katika njia ya msituni ambayo mkewe aliichagua kwa sababu moja tu, kwamba haina malori, wiki nzima alikaa mezani na simu akitafuta barabara za ndani, Ravine, Torongo, Timboroa, hadi Tinderet kwa dada yake, siku tatu za kuzunguka milima wawili tu, akamwambia umejifungia nyumbani miaka miwili kama kuku anayeatamia, panda, mimi nitaendesha, na kweli amemwendesha, yeye aliyekuwa akifikisha trela Kampala leo amebebwa nyuma ya mkewe kama gunia la viazi, na asubuhi pale Rongai vijana wa boda walipiga miluzi, "Mzee, leo umebebwa!", wakacheka, naye hata haya hakuona, kwa maana macho yake yalikuwa kwa yule mtu aliyeinama akitia upepo kwenye gurudumu lao, shingo ile, kovu lile la grisi ya moto juu ya kiwiko cha mkono, Ephantus, fundi wa magari ya tajiri wao zamani, sasa anaziba pancha kando ya barabara, amekonda, akainuka akampa mkono, akauliza, "Mguu unaendeleaje, Kipkemoi?", halafu hata bila kuombwa akachuchumaa tena akakagua breki za mbele na za nyuma, akamwambia Chepngeno, "Ziko sawa, mathe, nimeangalia mara mbili, siku hizi naangalia kila kitu mara mbili…"

Lori halijaonekana bado, linaguna tu kwenye kona za juu, gia ya pili, dereva anajua kazi, haamini breki peke yake kwenye mteremko, ndivyo inavyotakiwa, ndivyo alivyokuwa akishuka Kipkemoi mwenyewe kuelekea Salgaa miaka kumi na moja bila kukwaruza hata kioo, isipokuwa siku ile, saa nne asubuhi, jua limewaka, ametoka Malaba bila kulala kwa sababu aliambiwa mzigo unangojwa, na macho aliyafumba kidogo tu, kidogo, kama mtu anayesubiri chai ipoe, alipoyafumbua kulikuwa na moshi, na jiko la makaa limepinduka, mahindi yametapakaa lami, na Winrose, mama aliyekuwa akiyachoma mahindi hayo, mama aliyemwita boss kila alipopita… halafu polisi akachungulia pale alipolala kwenye majani, mguu umevunjika, akamwuliza, "Breki ziligoma, sivyo?", naye akatikisa kichwa kukubali, hilo tu, neno hakusema, uongo aliletewa tayari kama chai kwenye kikombe naye akaunywa, lori likaungua hadi likabaki vyuma, nani angekagua nini, na wiki ya pili Ephantus akafukuzwa, akatoa ng'ombe wake wa pekee akampeleka kwenye matanga ya Winrose, watu walisema alilia kama mtoto…

"Umenyamaza sana," Chepngeno alisema, "ama mguu unauma?"

"Hapana," hapana, mguu hauna neno, na ukungu ulikuwa ukiteremka kati ya miti, akahisi mgongo wa mkewe ukipanda na kushuka ndani ya koti, naye Chepngeno akaendelea kusema, nusu kwake nusu kwa barabara, "Huyo Ephantus, unajua nilimchukia? Hata kanisani nilikuwa nikifika pale pa kusamehe wanaotukosea, naruka. Lakini leo nimemwangalia vile amekwisha, nikasema basi, nimemsamehe," amemsamehe, mtu asiye na kosa amesamehewa mbele yake naye amekaa hapo nyuma ameshika kiuno cha aliyesamehe, afadhali angeendelea kumchukia, hapana, hilo nalo si afadhali, na akisema je, kuna jela, kuna Zeddy yuko kidato cha tatu, watamwambia baba yako muuaji, kuna mkewe huyu aliyesimama mbele ya washirika wote wa kanisa akamshukuru Mungu kwa kumwokoa mumewe na breki mbovu za watu wazembe, atamtazama vipi, labda atamwacha hapa hapa msituni na mguu wake uliotiwa vyuma, na awe na haki… lakini Ephantus, Ephantus anaamka kila asubuhi akijua ameua, hajaua, anakagua breki za wapita njia mara mbili mbili kwa kosa ambalo halikuwahi kuwepo, na atakagua hivyo mpaka azikwe, kwa sababu duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwambia acha, na mtu huyo amepanda mlima kutembea, anapunga hewa, ukweli haukuhitaji ujasiri mkubwa, ulihitaji pumzi moja tu, angeitoa siku ile kwenye majani, hakuitoa, ataitoa leo, kisha warudi chini Rongai kwa Ephantus kabla jua halijatua, kisha kituo cha polisi, kwa mpangilio huo, kwanza mkewe, kwanza huyu, lori lilikuwa likiguna bado kwenye kona ya juu, lile lile, gia ya pili.

"Mama Zeddy, zima pikipiki."

"Lori haijapita."

"Najua. Zima."

Akazima. Kipkemoi aliondoa mikono kiunoni mwa mkewe, asije akadhani anambembeleza.

"Siku ile nililala," alisema.